Kabla Bahasha Haijafika: Mwongozo Kamili wa Kuikabili Tamaa ya Pesa

Bahasha ilikuwa imebanwa katikati ya ankara mbili. Niliikuta jioni, watu wameshaondoka, nilipofungua jalada la mzabuni mmoja ili nilinganishe bei. Haikuwa na jina wala barua. Nilijua ni ya nani na nilijua ni ya nini, maana siku chache baadaye kamati ingekaa, na jedwali la alama nilikuwa naliandaa mimi. Sikuihesabu. Niliisukuma ndani ya droo, nikafunga kwa ufunguo, nikajiambia kesho asubuhi narudisha.

Kesho ikapita. Usiku wa kwanza nililala nikiwaza namna ya kuirudisha bila kumwaibisha mtu. Usiku wa pili nikajikuta, kichwani mwangu, nimeshaitumia kulipa ada ya mtoto, nimemlipa shemeji deni lake, na chenji iliyobaki naipangia matumizi. Hela ambayo hata sijaihesabu! Siku ya tatu niliipeleka kwa mkuu wangu nikamwomba aandike kwamba ameipokea, na nilipotoka mle ofisini nilikuwa na uchungu wa mtu aliyeporwa mali yake. Siku mbili ndani ya droo zilitosha kuifanya iwe yangu.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzii kwenye bahasha. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa kabla, wakati hakuna anayekushawishi na akili imetulia. Ukisubiri mpaka siku yenyewe, utakuwa unabishana na mtu anayekujua kuliko wote: wewe mwenyewe ukiwa na shida.

Hatua ya 1: Yavue maneno nguo zake

Rushwa haiji ikijitaja kwa jina. Inakuja ikiitwa chai, kitu kidogo, takrima, mgao, mchongo, au ile ya upole kabisa: "wametukumbuka." Wizi nao huitwa kuzungusha hela, na kumlaghai mteja huitwa kuchangamka. Hata methali zipo tayari kumtuliza mwenye tamaa. Mkono mtupu haulambwi. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Hii ya pili hunishangaza kila ninapoisikia, kwa sababu anayejitetea nayo amekiri mwenyewe kwamba yuko kambani.

Chukua karatasi uandike jambo lile kwa sentensi moja, bila kutumia hata neno moja kati ya hayo. Sentensi iseme nani anatoa, nani anapokea, kwa kufanya nini, na nani anaumia. "Mgao wa mradi" ukiandikwa hivyo unakuwa: "Mkandarasi ananipa pesa ili nisaini kwamba ukuta una nondo ambazo hazimo, na watakaolala chini ya ukuta huo hawajui." Sehemu ya nne ndiyo wengi huiruka. Ukiona hakuna anayeumia, mtafute yule ambaye hakuwepo kwenye mazungumzo: mzabuni mwingine aliyeleta bei nzuri, mteja atakayelipia zaidi, mwenzako ambaye jina lake limo kwenye saini ya pili.

Usidanganyike kwamba pesa taslimu tu ndiyo rushwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa, uliopitishwa mwaka 2003, unazungumzia faida yoyote isiyostahili, iwe kwa mhusika mwenyewe au kwa mtu mwingine. Ajira ya mpwa wako imo. Safari ya familia imo. Mkopo usio na riba kutoka kwa mtu unayemkagua nao umo.

Hatua ya 2: Itafute shida ambayo hujamwambia mtu

Mwanasosholojia wa Marekani, Donald Cressey, aliingia magerezani kuzungumza na watu waliofungwa kwa kula pesa walizokabidhiwa. Hawakuwa majambazi. Ni watu walioaminiwa, ndiyo maana pesa zilikuwa mikononi mwao. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1953 alieleza kwamba mambo matatu yalikutana kabla mtu wa namna hiyo hajavuka mpaka wa uaminifu: alikuwa na shida ya pesa aliyoona hawezi kumweleza mtu, aliona njia ya kuimaliza kimyakimya kupitia nafasi yake, na alipata maneno ya kujiambia ili aendelee kujiona mwaminifu. Maneno hayo mara nyingi yalikuwa ya kuazima. Siibi, naazima tu, mambo yakikaa sawa narudisha.

Kati ya hayo matatu, la kwanza ndilo ninaloona lina kazi kubwa, na ndilo watu wasilolifanyia kazi. Ukubwa wa shida si hoja sana. Kinachouma ni siri. Deni kubwa linalojulikana nyumbani huzaa vikao, lawama, kuuza kiwanja, kupunguza matumizi, lakini linatafutiwa dawa mchana kweupe. Deni dogo la kamari, au biashara iliyokufa mwaka jana ambayo mwenzi wako anaamini bado inaenda, halina pa kutafutiwa dawa isipokuwa gizani. Na gizani ndiko bahasha zinakopita.

Kwa hiyo fanya hivi, wiki hii. Orodhesha madeni na ahadi zako zote za pesa, pamoja na zile za ndugu na marafiki ambazo hazina maandishi. Weka alama kwenye kila moja ambayo hakuna mtu mwingine anayeijua. Kisha chagua mtu mmoja umwambie. Huyo mtu hahitaji kuwa na uwezo wa kukusaidia kifedha, kinachotakiwa ni awe na uwezo wa kukuuliza mwezi ujao, "Lile deni limefikia wapi?" Anza na lile linalokuaibisha zaidi. Utatetemeka, halafu utalala.

Kuna wasio na shida yoyote na bado wanavuka, na hawa dawa yao ni nyingine. Rajat Gupta aliwahi kuiongoza McKinsey, kampuni kubwa ya ushauri wa biashara, alikaa kwenye bodi ya benki ya Goldman Sachs ya Marekani, na alikuwa na utajiri ambao watu wengi hawauoti. Mwaka 2012 mahakama ya Marekani ilimtia hatiani kwa kumpenyezea siri za bodi rafiki yake mwenye mfuko wa uwekezaji. Mojawapo ya simu zilizotajwa kesini, ya Septemba 2008, ilipigwa sekunde chache tu baada ya kikao cha bodi kumalizika. Akahukumiwa miaka 2 jela. Hakukosa chakula. Aliishi karibu na watu waliomzidi utajiri, na mimi naamini jirani anayekuzidi ni hatari kuliko njaa.

Kama unajiona upande huu, andika kiasi kinachokutosha kwa mwezi, pamoja na sababu za kila kipengele, na uweke tarehe. Kifungue baada ya mwaka. Kipato kikiwa kimepanda na kile "kinachotosha" kimepanda kukizidi, chunguza ni nani uliyeanza kujilinganisha naye katikati hapo. Mara nyingi ni mtu mmoja tu, na una namba yake ya simu.

Hatua ya 3: Weka mpaka ukiwa umeshiba usingizi

Mpaka mzuri ni ule usiohitaji kipimo. "Sitapokea kikubwa" si mpaka, kwa sababu kikubwa cha leo ndicho kidogo cha mwaka kesho. Andika kitu kama hiki: sipokei chochote kutoka kwa mtu ambaye nina uamuzi juu yake, kabla au baada ya uamuzi. Sisaini ambacho sijakiona. Pesa ya watu hailali kwenye akaunti yangu hata usiku mmoja. Kama mwajiri wako ana kanuni ya zawadi inayoruhusu vitu vidogo, isome, lakini wewe unaweza kuwa mkali zaidi yake. Sifuri ni rahisi kuilinda kuliko kidogo.

Kisha uwaambie watu, na bila makeke. Mzabuni anayejua mapema kwamba huchukui hasumbuki kubana bahasha kwenye ankara, na wewe unaepushwa na zile siku mbili za droo.

Sehemu ya pili ya hatua hii ni akiba. Mtu anayeishi kwa mshahara wa mwezi hadi mwezi hana uhuru wa kukataa, hata awe na dhamiri ya namna gani. Tenga kidogokidogo mpaka ufikishe matumizi ya miezi mitatu, ukiweza sita, na uiweke mbali na akaunti ya kila siku. Mimi huiita akiba ya hapana. Siyo ya dharura ya hospitali wala ya kuezeka paa. Ni ya siku ile utakapotakiwa kuchagua kati ya saini yako na kazi yako. Ukiona haiwezekani kabisa kuweka, rudi hatua ya 2; inawezekana ile orodha haikukamilika.

Hatua ya 4: Punguza nafasi, usijipime nguvu

Watu waaminifu hupenda kujiamini, na hapo ndipo wanapoangukia. Ukiwa na mamlaka ya kuandika hundi, kuidhinisha hundi na kulinganisha hesabu za benki, omba mojawapo apewe mwenzako. Omba mwenyewe, hata kama hakuna aliyekushuku. Usihesabu pesa taslimu peke yako. Chukua likizo yako yote; kuna benki zinazolazimisha wafanyakazi wake wapumzike siku kadhaa mfululizo, kwa sababu udanganyifu mwingi unahitaji mwenyewe awepo kila siku kuufunika.

Nick Leeson ni mfano wa mlango ulioachwa wazi. Benki ya Barings ya Uingereza ilimweka Singapore, yeye ndiye anayenunua na kuuza sokoni, na yeye huyohuyo anasimamia watu wa kuhakiki alichonunua na kuuza. Mwaka 1992 karani alikosea oda na hasara ikawa pauni 20,000 hivi. Leeson akaificha kwenye akaunti namba 88888. Hasara nyingine zikafuatia humohumo, akawa anaongeza dau ili azifidie zile za nyuma. Februari 1995 shimo lilikuwa limefika pauni milioni 827. Benki iliyoanzishwa mwaka 1762 ikauzwa kwa pauni 1.

Viapo na fomu za maadili sizipingi, ila usizitegemee. Mwaka 2012 kulichapishwa utafiti maarufu uliodai kwamba mtu akisaini tamko la ukweli juu ya fomu, kabla ya kujaza, anadanganya kidogo kuliko akisaini chini. Serikali na kampuni zikaupenda. Mwaka 2021 jarida likaufuta baada ya kuonekana kwamba sehemu ya takwimu zake zilitungwa. Utafiti wa uaminifu! Jozi ya pili ya macho ndiyo ninayoiamini.

Hatua ya 5: Saa yenyewe

Hapa fanya haraka na usiwe mjanja. Usitoe hotuba, usimfokee mtu, usiulize ni kiasi gani. Ukishauliza kiasi umeanza kupatana bei. Usikubali "tutaongea baadaye", wala kukutana pembeni.

Kuwa na sentensi moja uliyoizoea mdomoni. Kwa mtu wa makamo yako: "Ndugu yangu, mimi sichukui, na faili lako litakwenda kwa utaratibu uleule." Kwa mtu mzima uliyefundishwa kumheshimu, ambapo ndipo pagumu: "Shikamoo mzee. Naomba uniwie radhi, hili siwezi kulipokea, tusije tukaharibiana heshima." Sehemu ya pili ya kila sentensi ina kazi yake. Inamwambia kwamba hutamkomoa kwa kukujaribu, kwa hiyo hana sababu ya kukugeuka.

Kama bahasha imeachwa mezani ukiwa haupo, usiifungue na usiirudishe peke yako, kwa sababu ukikutwa njiani nayo mkononi hakuna atakayejua ulikuwa unaelekea wapi. Mwite shahidi palepale. Andika tarehe, saa, mlipoikuta, nani alikuwepo. Ikabidhi kwa anayehusika na upewe maandishi. Mambo haya yaishe siku hiyohiyo. Mimi nililaza kitu siku mbili nikapona kwa bahati.

Ukibanwa na haraka, tulia. "Lazima uamue leo" ni dalili kubwa kuliko bahasha yenyewe. Kazi halali hustahimili hadi kesho na hustahimili macho ya mtu wa tatu.

Hatua ya 6: Anayekuagiza akiwa bosi wako

Hakuna mwongozo unaofaa usiposema juu ya hili, kwa sababu wengi hawavuki kwa kutaka utajiri. Wanavuka kwa kuogopa kupoteza walicho nacho.

Betty Vinson alikuwa mhasibu wa ngazi ya kati katika WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani. Oktoba 2000 aliagizwa aingize vitabuni marekebisho ya kupunguza gharama kwa dola milioni 828, bila nyaraka za kuyathibitisha, ili hesabu za robo mwaka ziwafurahishe watu wa soko la hisa. Alishtuka, akasema haiko sawa. Akaambiwa haitarudiwa. Akaingiza. Dhamiri ikamkaba, yeye na mwenzake wakataka kuacha kazi. Mkuu wa fedha, Scott Sullivan, akawaita na kuwapa mfano wa meli ya kubeba ndege za kivita: ndege ziko angani, ngojeni zitue kwanza, zikishatua anayetaka kuondoka aondoke.

Vinson aliandika barua ya kujiuzulu. Hakuipeleka. Familia yake ilitegemea mshahara ule. Robo mwaka iliyofuata aliombwa tena, na iliyofuata tena, na katikati hapo akapandishwa cheo. Juni 2002 wakaguzi wa ndani wakiongozwa na Cynthia Cooper waliufichua mchezo, na kampuni ikatangaza kwamba dola bilioni 3.8 ziliandikwa isivyo. Agosti 2005 Vinson alihukumiwa miezi 5 jela na miezi 5 ya kifungo cha nyumbani. Sullivan alipata miaka 5. Mtendaji mkuu, Bernard Ebbers, miaka 25.

Hakuna aliyempa bahasha. Na ndege hazikutua, kwa sababu kila robo mwaka nyingine zilikuwa zinarushwa.

Kwa hiyo ukiagizwa, omba mambo mawili kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetafuta kukamilisha jalada. La kwanza: "Mkuu, nitumie maelekezo haya kwa barua pepe ili niyaambatanishe." La pili: "Nyaraka ya kuthibitisha ninaipata kwa nani?" Maagizo mengi hufia hapo, bila ugomvi. Yasipokufa, jibu kwa maandishi kwamba hutaweza kuingiza bila nyaraka, ukiwa na adabu zote, na umnakili anayestahili kujua kwa mujibu wa kanuni za kazi yenu. "Mara hii tu" ichukuliwe kama tangazo la mara ya pili. Na kama kuna barua ya kujiuzulu imelala kwenye kompyuta yako tangu mwaka jana, akiba ya hapana ndiyo itakayoipeleka.

Hatua ya 7: Baada ya kukataa

Utaitwa mnoko, mlokole, mshamba. Chai ya saa nne watakunywa bila wewe. Hili linauma kuliko watu wanavyokiri, lizoee. Nyumbani waeleze kipato chako halisi, maana nyumba inayoamini una zaidi itakusukuma kutafuta hicho cha zaidi.

Weka daftari la matukio: tarehe, waliokuwepo, maneno yaliyosemwa. Usitoe nyaraka za siri nje ya ofisi kabla ya kuongea na mwanasheria. Ukiamua kutoa taarifa, jua kwamba ina uzito: ripoti za chama cha kimataifa cha wakaguzi wa udanganyifu, ACFE, zimeonyesha mara kwa mara kwamba taarifa za watu hufichua udanganyifu mwingi kuliko ukaguzi wa hesabu. Ulinzi wa mtoa taarifa hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo usome kabla hujafungua mdomo.

Hatua ya 8: Kama umeshachukua

Pengine umesoma yote haya ukiwa na jambo tumboni. Kwanza, simama hapo ulipo. Usichukue nyingine ili kufidia ya kwanza, usifute barua pepe, usitengeneze risiti, usimwombe mwenzako akusaidie kusahau. Kuficha mara nyingi huwa kosa jipya, zito kuliko lile la mwanzo. Leeson alianza kwa pauni 20,000 ambazo hata hakuzisababisha mwenyewe.

Usizirudishe kinyemela kwenye akaunti ya mwajiri. Muamala usio na maelezo utaonekana kama sehemu ya ufichaji, na utakuwa umejiondolea nafasi ya kueleza kwa mdomo wako. Nenda kwa mwanasheria kwanza, na yeye mwambie yote, hata yale unayoona hayahusiani. Muulize kama kujitokeza mwenyewe kunapunguza adhabu pale ulipo, na nani wa kumwendea kwanza. Kisha mwambie mtu mmoja nyumbani kabla hujaenda kwa mwajiri, asije akaisikia kwa watu. Halafu pesa zirudishwe kwa maandishi, kiasi chote, zikiwa na jina lako.